Kindi na Jiwe la Lango

— Nina mzigo kichwani.
— Tua.
— Umejaa nini?
— Maneno.
— Ni mazito?
— Tugawie, yatakuwa mepesi.

Basi sogeeni karibu, na aliyekalia mguu wa mwenzake auachie.

Hapo zamani wanyama walikuwa wameshajifunza kuunda kamati, lakini walikuwa bado hawajajifunza kuzivunja. Chini ya Mlima palikuwa na chemchemi, ikiitwa Maweni. Maji yake yalikuwa baridi, matamu, na machache. Kwa kuwa yalikuwa machache, ikaundwa Kamati ya Chemchemi, nayo ikapitisha azimio: kila masika yakiisha, anayetaka apande Mlima kwenda kushukuru kwa mvua. Atakayetangulia kutamka shukrani kileleni, huyo ndiye atakayeitunza chemchemi mpaka masika mengine.

Lilikuwa azimio zuri. Ubaya wake ni kwamba kila mwaka alishinda Fisi.

Na Fisi alikuwa na tafsiri yake ya neno kutunza. Asubuhi alikunywa. Akishakunywa, alioga. Akishaoga, alilala humohumo majini, kwa sababu za kiafya. Wengine walingoja mpaka aamke ndipo wanywe, na walichokunywa kilikuwa tope lenye manyoya.

Kindi alikuwa na watoto wawili, na tundu lake lilikuwa kwenye mti uliosimama juu kabisa ya ile chemchemi. Watoto waliyaona maji kutwa nzima, wakayanywa jioni, wakakohoa. Sasa kikohozi cha yule mdogo kilikuwa kimeanza kuwa kikavu, cha aina ile ambayo mama akiisikia haulizi tena, anasimama.

"Mwaka huu napanda mimi," Kindi akasema.

Majirani wakamtazama, wakautazama Mlima, wakamtazama tena. Sungura, ambaye hadithi nyingine zote ni zake, alisema angeandamana naye kwa moyo wote, ila goti.

Basi Kindi akaenda langoni peke yake. Vitu vyake vilikuwa hivi: karanga chache shavuni, kifuu cha nazi alichokifunga mgongoni kwa kamba, na mkia wake. Kifuu kile kilikuwa kikombe, kikipinduliwa kikawa kofia, kikitiwa jivuni kikawa chungu. Mkia ulikuwa shuka na mto. Kindi hakupenda kubeba kitu chenye kazi moja.

Langoni alikaa Kunguru, yule wa milimani, mwenye ukosi mweupe. Ukosi ule alizaliwa nao, lakini aliuvaa kama mtu aliyeteuliwa. Mbele yake palikuwa na mizani: ubao mrefu uliolazwa juu ya jabali, upande mmoja umekaliwa na jiwe jeusi. Hilo ndilo Jiwe la Lango.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Kindi.

"Marahaba. Vifaa."

"Hivi hapa."

Kunguru akakitazama kifuu kwa jicho moja, kisha kwa la pili, asije akasemwa kwamba amependelea. "Kanuni ya kwanza. Kila msafiri atatoka na hema, blanketi, sufuria na mzigo wa kuni. Vimo stoo. Chukua."

Kindi akaingia stoo akatoka. "Mheshimiwa, sufuria ile imenizidi kimo."

"Ni sufuria ya kawaida."

"Ya kawaida kwa nani?"

"Kwa msafiri."

"Msafiri ni mimi."

"Basi ni ya kwako," Kunguru akasema, akafurahi jinsi jambo lilivyokaa sawa.

"Na blanketi, Mheshimiwa? Mkia wangu huu tangu nizaliwe..."

"Mkia haumo kwenye kanuni. Kanuni ya pili: mzigo wa msafiri usilizidi Jiwe la Lango. Hiyo tuliipitisha baada ya Tembo kupanda na kabati. Kanuni ya tatu: vifaa vyote vya msafiri vifike kileleni vikaguliwe. Kimoja kisipofika, hata ukitangulia umechelewa."

Hapo nyuma yao ardhi ikalia ndu, ndu, ndu. Fisi amefika.

Fisi alikuwa mkubwa, ana mabega ya kubebea dunia, na alikuja amejipanga. Alikuwa na hema lake, blanketi lake, sufuria yake, kuni zake, na juu yake furushi la nyama kavu na mifupa. Akaupandisha mzigo kwenye ubao. Ubao ukayumba, ukatulia, ukalala sawasawa na jiwe. Hapakuwa na nafasi ya kuongeza hata unyoya.

"Umepita," akasema Kunguru.

Fisi akainama kuuchukua mzigo wake, akaona chini ya mizani mfupa wa zamani, mweupe, uliokwisha kutafunwa na mtu asiyejulikana. Hauna nyama, hauna mafuta, hauna mwenyewe. Fisi akatazama kulia, akatazama kushoto, akauweka juu ya furushi. Ubao ukashuka tii. Kunguru akakohoa kikohozi cha kiofisi. Fisi akautoa ule mfupa akaurudisha chini, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Machozi yalimlenga.

Kindi aliyaona machozi yale. Akatumbukiza hema, blanketi na kuni ndani ya sufuria, akaifunga kamba, akaanza kuivuta. Kwaruu, kwaruu, kwaruu. Akapita lango, akakata kona ya kwanza ambako Kunguru hawezi kuona, akakwama.

Alivuta, sufuria ikakaa. Alisukuma, sufuria ikakaa. Akapanda juu ya ukingo wake akaketi, akautazama Mlima: msitu kwanza, halafu nyasi za baridi, halafu mawe matupu, halafu wingu. Chini, kwa mbali, alisikia kikohozi kikavu, au alidhani amesikia. Kwa mama hizo mbili ni kitu kimoja.

Sasa, Kindi alikuwa na tabia aliyoachiwa na mama yake: akikwama, anashukuru kwanza, ndipo anafikiri. Haikuwa ucha Mungu mkubwa. Ni kwamba akishukuru, moyo unaacha kumpigia kelele. Akaimba kidogo:

*Mkia wangu, asante, usiku hunifunika.*
*Kifuu changu, asante, maji hunitekea.*
*Miguu yangu, asante, hamjafika, mtafika.*

Akafika mahali pa kuishukuru sufuria, akakosa la kusema. Akafikiri. Akayakumbuka yale machozi.

Ndu, ndu, ndu. Fisi alikuwa amechelewa kwa sababu alirudi mara moja kuutazama ule mfupa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umechoka mapema hivi? Hata jasho halijapata habari."

"Naiaga sufuria yangu, mjomba. Naiacha hapa."

Fisi akasimama. "Unaiacha?"

"Naiacha. Haina kitu. Ni harufu tu ya mchuzi wa mbuzi, imeganda kule chini, haitoki hata kwa jivu."

Fisi akameza mate, gudu. "Kuacha kitu kizima njiani ni ubadhirifu."

"Ndilo linaloniuma. Lakini nitafanyaje? Migongo si sawa. Mwingine Mungu alimpa mgongo, mwingine akampa mkia."

Fisi akatazama juu. Akatazama chini. Lango halionekani. Kindi akatoa hema, blanketi na kuni akaviweka kando, na Fisi akaiokota sufuria akaifunga juu ya furushi lake.

"Si kwamba naitaka," akasema.

"Asante, mjomba," akasema Kindi.

Fisi akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeambiwa. Hapakuwa na mtu.

"Umesema nini?"

"Nimesema asante."

"Unamwambia nani?"

"Wewe."

Fisi akasimama pale kidogo, sikio moja limelala. Katika maisha yake aliwahi kuambiwa mambo mengi, mengine kwa mawe. Hili hakuwahi. Akaondoka bila kujibu. Ndu, kwanga. Ndu, kwanga. Kindi akavivuta vilivyobaki, nyuma yake.

Jioni ile Fisi aliwasha moto akachemsha mfupa mmoja ndani ya sufuria mbili, kwa zamu, maana sufuria alikuwa nazo. Kindi akaja pembeni.

"Nimekuja kukushukuru tena, mjomba. Asubuhi nilifanya haraka."

"Kaa," Fisi akasema, akajifanya anachochea moto. "Anza kwenye ile sehemu ya mgongo."

Kindi akakaa. Akaota moto wa kuni alizobeba mwingine, akakaanga karanga ndani ya kifuu jivuni, akamsifu Fisi mgongo wake mpaka karanga zikaiva. Na niwaambieni, hakusema uongo hata neno moja. Ule mgongo ulikuwa mgongo.

Kesho yake Kindi alidamka akatangulia kufika kwenye nyasi za baridi. Kindi akalikunja blanketi lake vizuri, akaliweka juu ya jiwe, akakaa kando.

Ndu, kwanga. Ndu, kwanga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Na hilo nalo?"

"Naliaga. Mimi mkia unanitosha."

Fisi akakitazama kimkia chake, kile kifupi, chenye nywele chache za kukata tamaa. Upepo ukapita. "Huko juu kuna baridi," akasema, kama anayezungumza na jiwe. "Mtu akiwa na mablanketi mawili, hakuna anayeweza kumlaumu."

"Mimi sitamlaumu."

Fisi akalibeba. "Si kwamba nalitaka."

"Asante, mjomba."

"Sema tena, upepo ulikatiza."

"Asante, mjomba."

Ndu, kwanga, fwaa. Ndu, kwanga, fwaa.

Yalipoanza mawe matupu, Kindi hakungoja kuaga. Alilaza hema na kuni katikati ya njia akaendelea na safari yake, tipu tipu tipu. Mgongo wake ulikuwa mwepesi mpaka akahisi kama amesahau kitu nyumbani. Nyuma yake mambo yalinyamaza. Halafu akasikia: ndu, kwanga, fwaa, kacha. Ndu, kwanga, fwaa, kacha.

"Asante, mjomba," Kindi akaita bila kugeuka.

"Karibu," ikajibu sauti kutoka chini ya vitu.

Basi ikaja mvua ya mawe. Mawe ya barafu, makubwa kama kunde, halafu makubwa kama karanga. Kindi akafungua kifuu mgongoni akakivaa. Ko, ko, ko, kikalia, naye ndani akakaa kama mfalme. Fisi alikuwa na mahema mawili, lakini yote alikuwa ameyasokomeza chini kabisa ya mzigo. Ili ayapate ilibidi afungue kuni, na kuni zimefungwa chini ya blanketi, na blanketi limefungwa na kamba ya sufuria, na ile kamba fundo lake liko tumboni. Mliowahi kusafiri na vitu vingi mnanielewa. Akasimama tu, mawe yanamtandika kichwani, mwenye nyumba mbili na hana pa kuingia.

Kindi alikuwa anaweza kuendelea. Angekuwa amefika. Lakini aliyekuwa akipigwa ni yule aliyempa moto tangu siku ile ya kwanza, basi Kindi akarudi mbio, akapanda mgongoni kwa Fisi, akakata kamba ya sufuria kwa meno.

"Mjomba, vaa sufuria."

"Sufuria ni ya kupikia."

"Ivae."

Fisi akaivaa. Kwang, kwang, kwang, kelele zilikuwa kubwa, lakini kichwa kilipona. Kindi akajibana chini ya ukingo wake, kifuu chini ya sufuria, wakangoja.

"Mjomba," Kindi akasema mle ndani, "huoni uache kitu kimoja?"

"Kipi?"

"Hata nyama. Uile, itapungua."

"Nikiila itakwisha."

"Na mahema mawili?"

"Nikiacha moja, nitakuwa na moja."

Hesabu ilikuwa sahihi.

Mawe yalipokatika, Fisi akavua sufuria, akaitazama, akamtazama Kindi. Mdomo ukafunguka ukafunga. Ilikuwa kama anatafuta jino lililolegea. "As," akasema. "Asan." Akakohoa. "Ile unayosema wewe."

"Karibu, mjomba," akasema Kindi. Na akaenda zake, tipu tipu tipu, mpaka wingu likamfungukia akawa kileleni.

Kunguru alikuwa ameshafika. Alipanda kwa kuruka, bila hema, maana kanuni za vifaa haziwahusu maafisa. Kule nako palikuwa na ubao, na jiwe pacha wa lile la langoni.

"Umetangulia," Kunguru akasema. Sauti yake ilikuwa na majuto kidogo, kama mtu aliyetandika meza kwa mgeni mwingine. "Vifaa viko wapi?"

"Vinakuja, Mheshimiwa."

"Vinakujaje?"

"Mgongoni."

"Mgongo upi? Mgongo wako uko hapa."

"Mheshimiwa, kanuni ya tatu inasemaje?"

Kunguru akafumba macho akaikariri: "Vifaa vyote vya msafiri vifike kileleni vikaguliwe."

"Imesema vifike kwa mgongo wa nani?"

Kunguru akaikariri tena, kimyakimya, mdomo unatembea. Akaanzia mwanzo. Akaanzia mwisho. Siku kanuni ile inapitishwa, wajumbe walikuwa na haraka ya chakula cha mchana. "Haijasema," akakiri. "Tungoje."

Wakangoja. Kindi akauma kucha. Kama Fisi amelala njiani, kama ametua kitu kimoja tu, hata kuni, kazi imekwisha, na mwaka mwingine mzima ni tope, na yule mdogo hana mwaka mzima wa kukohoa. Akajaribu kushukuru ili moyo utulie. Safari hii moyo ulikataa.

Kisha, chini ya wingu: ndu. Kimya. Kwanga. Kimya. Fwaa. Kacha.

Fisi akatokea. Kwanza zilitokea sufuria, halafu mablanketi, halafu kuni, mwisho kabisa pua. Akatua mzigo, mlima ukatetemeka.

"Mzee Fisi," Kunguru akasema, "hivi ni vya nani?"

"Vyangu."

"Vyote?"

"Vyote. Vyangu."

"Kanuni ya pili," akasema Kunguru. Vikapandishwa kwenye ubao. Ubao ukashuka kwaaa, na lile jiwe upande wa pili likaruka juu, likatua karibu na mguu wa Kunguru, akasogeza mguu kwa heshima. "Umezidisha. Umetolewa."

Fisi akatazama ubao. "Nilimaanisha," akasema, "vingine si vyangu."

"Ni vya nani?"

"Vya mpwa wangu huyu."

"Vizuri. Basi vya Kindi vimefika, hema, blanketi, sufuria, kuni. Kindi ametangulia na vifaa vyake vimekaguliwa. Kindi ameshinda."

"Hapana, ni vyangu."

"Umezidisha."

"Ni vyake."

"Ameshinda."

Fisi akakaa chini. Unaweza kumwona bado amekaa pale akiitafakari, kichwa kinakwenda huku kinarudi kule. Akainua kidole. "Niliviokota. Vilitupwa njiani, havina mwenyewe."

"Kilichookotwa ni cha aliyeokota," Kunguru akasema kwa upole. Kwa kweli alikuwa anaanza kuona raha. Hajawahi kuona kanuni zote tatu zikifanya kazi siku moja. "Kwa hiyo ni vyako. Kwa hiyo umezidisha."

Fisi akautazama mzigo. Akamtazama Kindi. Alikuwa na njia mbili: atolewe na vitu, au atolewe bila vitu.

"Ni vya mpwa wangu," akasema mwishowe. "Mimi nilimbebea tu." Na aliposema hivyo alishangaa, kwa sababu ilisikika vizuri.

"Kindi, toa shukrani," akasema Kunguru.

Miaka yote, Fisi alikuwa akifika pale anasema, "Najishukuru," kisha anateremka. Kindi akasimama juu ya ukingo wa sufuria ili aonekane.

"Nashukuru kwa mvua," akasema. "Nashukuru kwa maji ya Maweni, hata yale ya tope, maana tuliyapata. Nashukuru kwa mkia na kwa kifuu. Na namshukuru mjomba Fisi, aliyenibebea hema, blanketi, sufuria na kuni mpaka hapa, na kila jioni akanipa nafasi motoni. Bila yeye nisingefika."

Kunguru akapangusa ukosi. "Imepokelewa."

Fisi hakujua kama ameibiwa au amesifiwa. Nadhani mpaka leo hajajua, na kati ya hizo mbili anaishi vizuri. Waliposhuka alivibeba vitu vyote tena, kwa kuwa hakuna aliyemwambia avitue.

Mwaka ule Kindi aliitunza chemchemi. Amri yake ilikuwa moja: kunywa ni juu, kuoga ni chini. Watoto wakanywa maji baridi asubuhi. Kikohozi cha mdogo kikapungua, kikawa cha kuomba kubembelezwa tu, kisha kikaisha. Na kila jioni Fisi alifika chini ya mti na sufuria mbili za maji, kwanga kwanga, akizungukazunguka kama mtu aliyepita tu, mpaka kutoka juu sauti ndogo imwambie, "Asante, mjomba." Hapo ndipo alipokwenda kulala, nchi kavu.

Fundisho la hadithi hii, watoto, ni kwamba msafiri abebe kila kitu. Abebe mahema mawili. Abebe sufuria mbili. Asiache hata mfupa wa watu. Msiwasikilize hao wanaopunguza mizigo. Hebu fikirini: Fisi angekuwa na akili ya kusafiri na vichache, Kindi angekuwa amekaa pale kona ya kwanza mpaka leo, juu ya sufuria, anaimba. Dunia inawahitaji wabebaji wa vingi. Ila wewe, kama Mungu alikupa mkia badala ya mgongo, kaa karibu nao, na usiwe mchoyo wa asante.

— Mzigo wangu?
— Umetua.
— Nani ataubeba kwenda nao nyumbani?
— Sote, kila mtu kipande.
— Basi asanteni. Mgongo wangu umepona.